Mmoja Bado Hajapiga Makofi

Usiku wa kuamkia leo niliota koti langu jeupe la bendi linanigongea mlango.

Halikuwa na mtu ndani. Lilikuwa limesimama wima kibarazani, vifungo vyake vya shaba vimefungwa mpaka shingoni, mkono mmoja umeinuliwa tayari kugonga tena. Nilipofungua lilijipangusa mabega, likaingia bila kukaribishwa, likakaa kwenye kochi.

"Baba Aikande," likasema, "samahani kwa usumbufu. Mwalimu amesema anataka mavazi yaongee."

"Nimesikia," nikasema. "Tulikuwa wote mazoezini."

"Sasa mimi sina la kusema."

Nikalionea huruma. Ni koti zuri, tumefanya nalo kazi tangu sijaoa, na halijawahi kunisumbua popote isipokuwa kwapani. Nikaliuliza kama litakunywa chai. Likasema chai inaacha madoa.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana asiyeijua Bendi ya Msufini anaweza kudhani naota ovyo. Sisi ni bendi ya ngoma na matarumbeta ya hapahapa Moshi. Tunapiga kwenye harusi, kwenye maandamano, kwenye ufunguzi wa hili na lile, na kila mwaka tunashindana na bendi nyingine uwanjani. Mimi ndiye mwenye ngoma kubwa, ile inayobebwa tumboni, inayowaambia wenzangu mguu wa kushoto uko wapi. Miaka yote tulivaa makoti meupe, tukatembea kwa mistari iliyonyooka, watu wakapiga makofi, tukaenda kula.

Ndipo akaja Mwalimu Gaudensi. Mwalimu Gaudensi aliona kwenye simu yake bendi za ng'ambo ambazo wapigaji wamevaa kama ndege, wanaanguka chini, wanalia, wanafufuka, na ngoma haijasimama. Tangu siku hiyo hakupata usingizi, akahakikisha na sisi hatupati. Mwaka juzi tulivaa manyoya. Mwaka jana tulivaa majoho meusi tukafukiziwa moshi. Mwaka huu igizo letu linaitwa Kuzaliwa kwa Mlima: ngoma ndogo ni mawingu, matarumbeta ni moto wa volkano, na mimi, kwa sababu ya tumbo langu na ngoma iliyo mbele yake, ndiye mlima wenyewe. Kichwani nimebandikwa pamba. Ndiyo theluji.

Watu wamegawanyika. Vijana wanashangilia na kurekodi. Wazee wanataka vifungo. Mama mmoja pale sokoni alinisimamisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mwaka jana nilikuwa popo au padri. Nikamwambia nilikuwa Usiku. Akasema pole.

Lakini niseme kweli, mimi sihangaiki na vijana wala wazee. Nahangaika na mke wangu. Nsia anakuja kila tunapopiga. Anakaa palepale safu ya tatu, anatutunzia vitu vyetu, anatazama mwanzo mpaka mwisho, na hajawahi kunipigia makofi hata mara moja. Tukimaliza anasema, "Mmemaliza? Twendeni." Ni kwa ajili ya mwanamke yule nilikubali manyoya. Ni kwa ajili yake nimekubali kuwa mlima nikiwa na akili zangu timamu. Linaniuma, na sijamwambia mtu yeyote ila ngoma yangu.

Basi koti likainuka kwenye kochi.

"Nivae twende," likasema. "Tumepangwa wa kwanza."

Nikalivaa. Nikafungua mlango wa uani nikaanue soksi zangu, nikajikuta katikati ya uwanja.

Uwanja umejaa pomoni. Bendi nzima imeshajipanga, na ngoma yangu inanisubiri imejifunga mikanda yenyewe, imenuna kwa kuwa nimechelewa. Nyuma yetu geti linafungwa. Anayelifunga ni filimbi ya Mwalimu Gaudensi, ambayo imekua mpaka kimo cha mtu mzima na kuvaa koti la mvua la mlinzi.

Huko mazoezini Mwalimu ana msemo wake mmoja: hatutoki uwanjani mpaka kila mtu apige makofi. Sisi tulidhani ni maneno ya kututia moyo.

"Hatoki mtu mpaka kila mtu apige makofi," inasema Filimbi, inaweka ufunguo mfukoni.

"Hata kwenda haja?" anauliza Kilasara, mwenye tarumbeta kubwa la kujizungushia mwilini.

"Apige makofi kwanza."

"Nani?"

"Kila mtu."

Mkuu wa Hadhira ni kiti cha plastiki. Ni cheupe, mguu mmoja umeunganishwa kwa waya. Kinapanda juu ya meza, kinakohoa, uwanja unanyamaza.

"Naitwa Kiti," kinasema. "Nimekaliwa na watu wa kila aina, kwa hiyo naijua hadhira kuliko inavyojijua. Anzeni."

Tunaanza. Tunapiga kama zamani, tumevaa makoti meupe, kushoto, kulia, kushoto. Mstari wetu unanyooka mpaka fundi mwashi aliyeko kwenye hadhira anasimama na kuomba auazime, ana ukuta anaujenga. Tunamwambia asubiri.

Tunamaliza. Wazee wanapiga makofi. Mzee Ndelamio, ambaye tangu yale manyoya hatusalimii, anapiga makofi huku machozi yanamtoka, na kila kofi linadondosha kifungo cha shaba mapajani mwake. Anaviokota, anatia mfukoni. Vijana hawawezi kupiga kwa kuwa wameshika simu, kwa hiyo simu zenyewe zinaota vidole na kupiga makofi kwa niaba yao. Zikimaliza zinawaomba wenyewe watazame zilivyopiga.

Kiti kinageuka huku na huku.

"Hadhira imeridhika," kinatangaza. "Mmoja bado."

"Nani tena?" anauliza Mwalimu Gaudensi.

Kiti kinanyoosha ule mguu wenye waya. Safu ya tatu. Ni Nsia.

Mbele yake amekaa bwana mwenye kofia pana, kwa hiyo namwona uso tu. Ule uso unatutazama kama unavyotazama maziwa jikoni, yasije yakachemka yakamwagika. Nilijua atakuwa yeye. Hata ndotoni nilijua.

"Hajaguswa!" anapiga kelele Mwalimu Gaudensi. "Mnaona? Hajaguswa! Badilisheni mavazi!"

Tunavua makoti mbiombio, tunayarusha kule juu safu ya tatu kama tunavyofanya siku zote, tunavaa manyoya. Koti langu, likiwa bado hewani, linalalamika kwamba halikusema kitu kibaya.

Manyoya yanaanza vizuri. Tunarukaruka, tunapiga mabawa, ngoma haisimami. Ghafla wanaingia kuku watatu kutoka upande wa soko, wanatembea taratibu, wanatuzunguka wakituchunguza.

"Hilo la mgongoni," kuku mmoja ananiambia, "ni la dada yangu."

"Pole," nasema, bado napiga. "Hatukujua."

"Alikuwa mtulivu sana. Hakupenda vurugu."

Hadhira inaangua kicheko. Mwalimu Gaudensi anakimbia mbele ya majukwaa akiwasihi wasicheke, hapa ni mahali pa huzuni, hapa ndege anapoteza makao yake. Wanacheka zaidi. Mmoja anacheka mpaka anamshika jirani yake ambaye hawajasemeshana tangu kesi ya mpaka wa shamba.

"Hadhira imecheka," kinasema Kiti. "Haikutakiwa kucheka, lakini imecheka, na imepiga makofi. Mmoja bado."

Tunavua manyoya, tunayarusha safu ya tatu, tunavaa majoho ya mwaka jana. Mimi nakuwa Usiku. Giza linaingia palepale, na hadhira nzima, yenye adabu zake, inajilaza kwenye majukwaa na kulala. Tunapiga peke yetu. Kilasara anapiga kipande chake cha pekee, kile alichokifanyia mazoezi tangu kiangazi, anajibiwa kwa mkoromo. Inabidi nivue joho ndipo kukuche, na watu wakiamka wanapiga makofi ya nguvu, yale yanayopigwa na mtu anayetaka uamini kwamba alikuwa macho.

Nsia hakulala. Nilimwona. Macho yake yalikuwa wazi muda wote, yanalinda kitu.

"Mmoja bado," kinasema Kiti.

Basi majoho nayo yanapaa safu ya tatu, na mimi nakuwa Mlima.

Pamba kichwani inaanza kuwa baridi. Magoti yananitulia, mabega yanapanuka, na kabla sijamaliza kuzaliwa gari linasimama, wanashuka watalii. Wananitazama kuanzia chini mpaka juu. Wanamuuliza kiongozi wao njia ipi ni rahisi.

"Hii ya mbavuni," anasema kiongozi. "Lakini polepole, anapumua."

Wananipanda. Mimi napiga ngoma na wao wananipanda. Mpagazi mmoja ananitundika hema begani, ananiomba radhi. Walipofika kwenye pamba walikumbatiana, wakapiga picha, mmoja akamchumbia mwenzake, na uwanja mzima ukasimama na kupiga makofi. Hawakunipigia mimi. Waliwapigia watalii. Kelele zilipotulia nikasikia mtoto anamuuliza mama yake, "Na yule wa chini yao ni nani?" Mama akasema hajui, labda ni wa usalama.

Ngoma yangu ikaninong'oneza, "Si nilikwambia."

"Hukuniambia kitu."

"Basi niliwaza."

"Hadhira imefurahi, hasa kwa ajili ya wachumba," kinasema Kiti. "Mmoja bado."

Mwalimu Gaudensi ananishika mkono, ananivuta pembeni. Jasho linamtoka, na ndevu zimemwota tangu tuanze.

"Baba Aikande," anasema, "tumebaki na silaha moja tu. Ufe."

"Nife vipi?"

"Vizuri."

Sikubishana. Nikavua mlima, nikaurusha juu pamoja na mawingu na volkano ya wenzangu, nikafa. Mazoezini huwa naanguka kama gunia la mahindi, lakini safari hii nilianguka vizuri mno, mpaka nilitamani niwe kwenye hadhira nijione.

Nimelazwa kwenye jeneza. Turubai limeshafungwa. Akina mama wa kanisani wanaingia na sufuria za mtori wa ndizi vichwani na mikeka kwapani, kwa kuwa hawa hawasubiri kuambiwa kama ni maigizo. Ngoma yangu imekaa upande wa wafiwa, imefungwa kanga, watu wanapita kuipa mkono.

"Tulikuwa karibu sana," inawaambia. "Hasa tumboni."

Mzee Ndelamio anasimama kusoma wasifu. Hana karatasi. Anasema, "Marehemu alikuwa mpigaji mzuri kabla ya manyoya," anakaa. Watu wanasema amina.

Wanalia. Jamani, wanalia vizuri. Kila safu inalia kwa namna yake, mpaka wauza karanga wameweka vikapu chini wanalia. Mwalimu Gaudensi anatembea kati yao akiwachungulia nyuso, mwenye furaha kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona msibani. Mimi jicho moja naliacha wazi kidogo namtafuta Nsia. Namwona juu ya ile kofia. Ananitazama. Midomo ameikaza. Halii, na hapigi.

"Hadhira imelia," kinasema Kiti. "Kulia si makofi. Sheria ni sheria."

"Fufuka!" ananikaripia Mwalimu Gaudensi kwa sauti ya chini. "Fufuka haraka!"

Nikafufuka. Akina mama wa kanisani walikasirika sana.

"Sasa huu mtori wote tumpe nani?" akauliza mkubwa wao, mwiko mkononi.

Nikaula. Nikiwa nakula walinipigia makofi, makofi ya hasira, ya mtu anayekung'uta unga mikononi.

"Mmoja bado."

Hapo mambo yakaanza kuharibika. Nyasi za uwanja zimefika magotini. Filimbi ya getini imeoa, ina vifilimbi vinavyochezea ufunguo. Watu nao wamechoka, maana hata wao hawawezi kutoka, na wameunda kamati, na kamati imechagua mwenyekiti, na mwenyekiti anasimama kwenye safu ya kwanza na kugeuka nyuma.

"Mama wa safu ya tatu! Piga makofi basi tuondoke!"

"Ng'ombe wangu hajakamuliwa tangu manyoya!" analia mwingine.

"Anaringa nini?"

"Huyo ni mke wa mlima. Lazima aringe."

Nsia hajibu. Uso wake umenyooka, midomo ameikaza vilevile. Napiga kelele wamwache, sauti yangu haifiki. Ndotoni sauti yangu huwa inaishia kifuani.

Mwalimu Gaudensi, Kiti na mwenyekiti wa kamati wanateta. Wakimaliza Kiti kinakohoa.

"Tumeamua," kinasema, "kumwondoa kwenye hadhira. Kuanzia sasa atahesabiwa kama nguzo. Nguzo haidaiwi makofi."

Uwanja wote unashangilia. Wanatokea mafundi wawili na ndoo ya rangi ya kijivu na brashi, wanaanza kupanda ngazi kwenda kwake.

"Mume wake yupo?" kinauliza Kiti. "Ana pingamizi?"

Niliogopa. Si ule uoga wa ndotoni wa kukimbia usifike, niliogopa kabisa. Akiwa nguzo tutakwenda nyumbani, geti litafunguliwa, mashindano tutakuwa tumeshinda. Na mimi nitarudi kwenye nyumba ambayo mke wangu hayumo, nikijua kwamba nilimtafutia makofi mpaka nikampoteza.

"Ngojeni," nikasema. "Nikamuulize kwanza."

Hata vifilimbi viliacha kuchezea ufunguo.

"Kumuuliza?" akasema Mwalimu Gaudensi, kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. "Baba Aikande, umelewa? Mtazamaji haulizwi! Mtazamaji anaguswa!"

"Nitamuuliza tu."

Nikaanza kupanda nimevaa singlendi na ngoma tumboni. Safu ya tatu haiko mbali, lakini ngazi zikapita katikati ya migomba, zikapita kwenye kahawa, kisha kwenye msitu wenye ukungu, kisha mahali pa mawe matupu na baridi. Watalii walioteremka walinisalimia, wakaniambia jikaze, umekaribia. Mafundi wa rangi walikuwa mbele yangu wamekaa wanapumzika, mmoja anaumwa kichwa kwa sababu ya hewa nyembamba. Nikawapita.

Nikamfikia bwana mwenye kofia pana. Akaivua.

"Pole," akasema. "Ningeitoa mapema. Hakuna aliyeniomba."

Ndipo nikamwona mke wangu mzima.

Magotini amepakata makoti yetu meupe yote, yamekunjwa, kola juu ya kola. Juu ya makoti kuna manyoya, na juu ya manyoya kuna majoho, na juu ya majoho kuna mlima wangu umekaa umeinamisha kilele. Mkono wa kulia amekumbatia mawingu. Wa kushoto amekumbatia volkano, na bado kidole kimoja amekining'inizia funguo za bendi nzima. Viatu vyetu vya kawaida vimemzunguka shingoni kwa kamba zake. Suruali ya Kilasara iko begani. Kwapani kuna simu, simu, simu, na miwani ya Mwalimu Gaudensi. Mdomoni amebana pini za kubania theluji, zisipotee, na ndiyo maana midomo ilikuwa imekazwa.

Lile koti langu liliniangalia kutoka kwenye rundo, likageuza kola upande wa pili kwa aibu.

Nilizitoa zile pini mdomoni mwake, moja moja, taratibu.

"Nsia," nikasema, "mama Aikande. Kwa nini hunipigii makofi?"

Alinitazama kama anavyomtazama mbuzi aliyeingia sebuleni.

"Kwa mkono upi, Baba Aikande?"

Nikakumbuka siku ya harusi yetu, nilivyokataa mtu mwingine asiguse ngoma, nikaenda kumchukua kwao nimeibeba mwenyewe juu ya suti, napiga njia nzima, watu wa kwao wakashangilia mpaka wakachafuka vumbi. Yeye hakupiga makofi. Nilidhani ni haya za bibi harusi. Siku ile alikuwa ameshika maua.

Nikageukia uwanja, na safari hii sauti ikatoka.

"Kila mtu aje achukue nguo zake!"

"Igizo halijaisha!" akalia Mwalimu Gaudensi huko chini. "Bado kuna tukio la mafuriko!"

Lakini Kilasara alishaanza kupanda, kichwa chini. Akafika, akatoa suruali yake begani kwa Nsia, akasema, "Shikamoo, shemeji," ingawa Kilasara ni mkubwa kuliko sisi wote. Nyuma yake ikaja bendi nzima, mmoja mmoja, kila mtu akachukua koti lake, viatu vyake, simu yake. Hakuna aliyeangalia juu. Kuku watatu nao walipanga foleni wakachukua manyoya ya dada yao. Wa mwisho alikuwa Mwalimu Gaudensi, akapokea miwani yake, akaivaa, akamtazama Nsia muda mrefu.

"Kumbe upo," akasema.

"Nipo," akasema Nsia.

Mimi nikachukua mlima, nikaubeba mwenyewe mgongoni. Ni mzito. Sikujua kama ni mzito vile.

Mikono ya Nsia ikabaki mitupu. Aliiinua akaitazama mbele na nyuma, akaikunjua vidole, akaisugua kama mtu aliyetoka kuota moto.

"Haya," akasema. "Piga."

"Nipige nini?"

"Ile ya siku ile, mlipokuja kunichukua."

Nikapiga. Sikuipiga vizuri. Kushoto kukaja mahali pa kulia, na ngoma yangu ikanong'ona, "Tunakosea, tunakosea," nami nikaiambia inyamaze. Nilikuwa sijafika hata nusu ya mzunguko wa kwanza, Nsia akapiga makofi.

Makofi yake hayakufuata mdundo. Yaliutangulia. Alipiga ameinua mikono juu ya kichwa, anacheka, anatikisa mabega, anapiga kama mtu mwenye miaka yake ya makofi aliyoiweka akiba. Bendi ikajaribu kumfuata, ikapoteza mguu wa kushoto, mstari ukapinda vibaya mpaka yule fundi mwashi akasema basi, hauhitaji tena. Waya wa Kiti ukafyatuka, kikaketi chini kama viti vinavyopaswa kuketi, hakikutangaza kitu. Filimbi ikafungua geti. Hakuna aliyetoka.

Nami, mlima mgongoni na ngoma tumboni, nikalia mbele ya watu wote wa Moshi. Mwalimu Gaudensi alisema hilo halimo kwenye igizo.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nsia hayuko kitandani. Kwenye msumari nyuma ya mlango unaning'inia mlima, pamba yake imekaa upande, na chini yake kwenye kiti kuna mfuko mkubwa wa kubebea vitu vya bendi, tayari umekunjuliwa kwa ajili ya leo, maana mashindano ni leo jioni.

Nikamkuta jikoni. Chai ilikuwa inachemka na hakuna aliyekuwa anaiangalia. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, ametumbukiza mikono yote miwili kwenye beseni la maji baridi.

"Umeungua?" nikamuuliza.

"Wala. Nimeamka viganja vinawaka moto, sijui nimelalia nini." Akavitoa akanionyesha. Vilikuwa vyekundu, vimevimba kidogo, kuanzia kwenye vidole mpaka kwenye kifundo. "Hebu niletee ule mfuko wenu niushone mshipi kabla sijasahau, mwaka jana karibu ukatike na viatu vya watu."

Nikaenda nikauchukua ule mfuko. Nikaukunja, nikautia uvunguni mwa kitanda kwa mguu, nikarudi.

"Leo hushiki kitu," nikamwambia. "Kila mtu atashika vyake. Nitamwambia Gaudensi mwenyewe."

Nsia akanitazama usoni, akavitazama viganja vyake, akanitazama tena. Kisha akavirudisha kwenye maji.

"Basi nimiminie chai," akasema. "Ngoja nivipumzishe mpaka jioni."